Kilo 7 za siku 12: begi moja kutoka Mbeya mpaka Mafinga kupitia Dar

SWALI

Habari za kazi, dada zangu wa safu ya mavazi.

Mimi ni mhasibu wa chama cha akiba na mikopo, naishi Uyole, Mbeya. Mwezi wa saba nina safari ya siku 12 na begi ndilo linaloninyima usingizi. Jumatano naruka kutoka uwanja wa ndege wa Songwe kwenda Dar es Salaam. Alhamisi na Ijumaa tuna vikao. Jumamosi napanda treni ya SGR hadi Dodoma, Jumapili ni mapumziko, Jumatatu mpaka Jumatano mafunzo. Alhamisi nachukua basi la Iringa kupitia Mtera, naunganisha hadi Mafinga kwa wakwe zangu. Wifi yangu anaolewa: Ijumaa sendofu, Jumamosi harusi. Jumapili narudi nyumbani.

Tiketi niliyokatiwa na ofisi inaruhusu begi moja la mkononi lisilozidi kilo 7, na mkoba mdogo pembeni ambao nitaweka kompyuta. Mwaka jana kwenye kaunta ya shirika moja begi langu lilisoma kilo 13. Nililipia kilo zilizozidi mbele ya foleni nzima, na karibu nusu ya nguo zilirudi nyumbani sijazigusa. Sasa nimepanga tena kitandani, nikaenda kupima dukani kwa jirani: kilo 12 na nusu. Humo kuna kabuti, sweta nzito 2, jinzi 2, suti 2, magauni 4 na viatu jozi 5. Nikitoa kimoja, baada ya dakika tano nakirudisha.

Nisaidieni kwa haya. Nitavaaje nguo za joto la Dar na baridi ya Mafinga kwa begi moja? Wenzangu 6 tutakuwa pamoja siku zote 5 za vikao na mafunzo, sitaki kuonekana sina nguo. Sare ya harusi ni kitenge yadi 3, bluu iliyoiva yenye maua ya njano na meupe. Bado hakijashonwa, na fundi ananishauri gauni refu la mkia wa samaki. Na mama mkwe ameomba mchele wa Kyela kilo 5.

Ndaga fijo, asanteni sana.
Mhasibu wa Uyole


JIBU

Dada Mhasibu, ndaga nawe. Kabla hatujagusa nguo hata moja, tuanze na begi lenyewe, maana hukulitaja na huenda ndilo lililokulipisha mwaka jana.

Lipime likiwa tupu. Begi gumu la magurudumu la ukubwa wa mkononi huwa na kilo 2 na nusu hadi 3. Ukianza na kilo 3 za begi, nguo zimebakiwa na kilo 4. Begi laini la turubai au nailoni, la kuvaa mgongoni au kuning'iniza begani, huwa na kilo 1 au kilo 1 na robo. Hapo umeokoa karibu kilo 2, ambazo ni zaidi ya blauzi 10, na bado hujatoa nguo yoyote. Tena begi laini linabonyea likaingia kwenye keria ya juu ndani ya basi, wakati lile gumu litatupwa kwenye buti lipakwe vumbi mpaka Mafinga. Kwa vipimo, mashirika mengi hukaa karibu na sentimita 55 kwa 40 kwa 20, lakini soma tiketi yako, kila shirika lina yake. Unapopima kwa futi, pima na mifuko ya nje ikiwa imejaa, kwa sababu ndiyo inayokwama.

Sasa nguo. Uzito wa begi lako umekaa kwenye vitu vitatu tu: kabuti, jinzi na viatu. Kabuti la sufu ni kilo 1 na nusu hadi 2. Jinzi moja ni gramu 600 hivi, na ikilowa haikauki kwa usiku mmoja popote utakapolala. Jozi 5 za viatu zinakaribia kilo 2 na nusu. Jumlisha uone: karibu kilo 5 na nusu, na hujaweka blauzi wala chupi. Kwa hiyo usihangaike kupunguza vitambaa vya kichwa na mitandio. Toa hivyo vitatu, mengine yatajipanga.

Kabuti liache Uyole. Baridi ya kwetu mwezi wa saba haina mchezo, alfajiri Mbeya na Mafinga hushuka chini ya nyuzi 10, lakini joto halitunzwi na unene wa nguo moja. Linatunzwa na hewa iliyonaswa kati ya nguo na nguo, na kitu cha nje kinachozuia upepo usiifukuze hewa hiyo. Fulana ya ndani ya mikono mirefu yenye kubana, juu yake blauzi, juu yake sweta nyembamba ya vifungo, juu kabisa jaketi jepesi: vitu vinne hivyo kwa pamoja havifikii kilo 1 na robo, na vinakupa joto la kabuti. Dar unavaa blauzi peke yake. Kwenye ukumbi wenye kiyoyozi unaongeza sweta. Dodoma asubuhi kuna upepo na nyuzi 13 au 14, unaongeza jaketi. Saa sita mchana jua likichoma unarudi kwenye blauzi. Kabuti halina hatua za katikati. Unalivaa, au unalibeba mkononi siku 12.

Jaketi la namna hii utalipata kwenye mitumba Mwanjelwa kwa bei ya kawaida, lakini uchague kwa mikono. Tafuta lile jepesi lililojazwa na kushonwa vyumba vyumba, au sweta la manyoya mafupi lenye kitambaa cha kuzuia upepo nje. Likunje ulibane kwa mikono miwili: likifikia ukubwa wa mkate wa nusu kilo, linafaa. Weka kitambaa mdomoni upulize; ukisikia pumzi inapita upande wa pili, upepo wa Dodoma nao utapita. Liinue kwenye mwanga uangalie kama ujazo umejikusanya mabonge chini ya kila chumba, maana penye mwanga hapana joto. Funga na kufungua zipu mara tatu. Nusa kwapa. Na jaketi lenye mabaka ya kijeshi, hata likiwa zuri namna gani, liache mnadani. Sheria hairuhusu raia kuvaa sare za jeshi au zinazofanana nazo.

Siku ya kuruka, jaketi, sweta na raba viwe mwilini. Asubuhi ya Julai hakuna atakayekushangaa pale Songwe. Ila acha nafasi ndani ya begi inayotosha ule mkate wa nusu kilo, juu kabisa, kwa sababu ukishuka Dar utalivua jaketi kabla hujafika kwenye teksi na hutaki kulibeba mkononi.

Rangi zako zimeshachaguliwa na wakwe, na hilo ni jambo jema kwa mpangaji wa begi. Sare ni bluu iliyoiva, njano na nyeupe. Basi nguo za chini ziwe bluu iliyoiva na kijivu, za juu ziwe nyeupe ya maziwa, njano ya haradali, bluu iliyopauka, na moja yenye maua madogo inayochukua rangi hizo. Kila ya juu ikubali kila ya chini. Fanya jaribio hili kitandani: panga suruali 2, weka blauzi 5 juu yake moja baada ya nyingine. Blauzi ikikataa suruali moja, itoe, hata kama unaipenda. Zikikubali zote umepata mavazi 10 kwa nguo 7, na una siku 5 za kazi tu. Hapa ndipo wengi hukosea, wanachagua nguo nzuri moja moja, kila moja na suruali yake na viatu vyake, na ndivyo mtu anavyofikia jozi 5 za viatu.

Kuhusu wenzako 6: watu hukumbuka kilicho karibu na uso, na hukumbuka maua. Suruali ya bluu isiyo na nakshi hakuna anayeihesabu. Ukivaa blauzi ya haradali na suruali ya bluu Alhamisi, kisha nyeupe na kijivu Ijumaa, kisha Jumatatu ukaja na ya maua juu ya ile bluu, machoni pao hayo ni mavazi matatu mapya. Mtandio mmoja ukiufunga shingoni siku moja na begani siku nyingine unaongeza tofauti. Suti acha zote mbili. Koti la suti ni gramu 600 na zaidi, halikunjiki, na Dar utalivaa ndani ya ukumbi tu. Sweta ya vifungo ya uzi mwembamba, bluu iliyoiva, yenye mabega yanayokaa sawa, inafanya kazi hiyo ya heshima bila kukusumbua.

Chagua vitambaa kwa jaribio moja: shika pindo kwenye ngumi, bana kwa sekunde 30, achia. Krepu na kitambaa cha kufuma kama cha fulana hurudi. Kitani na pamba nyembamba ya mashati hubaki na makunyanzi kama karatasi. Jaribio la pili fanya nyumbani wiki hii. Fua blauzi saa mbili usiku, ianike chumbani, iguse saa kumi na mbili asubuhi. Ikikauka Uyole mwezi huu, itakauka popote.

Kwa hiyo mwilini siku ya safari: suruali ya bluu, fulana ya ndani, blauzi ya bluu iliyopauka, sweta, jaketi, raba na soksi.

Ndani ya begi: suruali ya kijivu, gramu 350. Sare ya harusi, 500. Blauzi 4, tuseme 680. Gauni moja la krepu au la kufuma linalofika chini ya magoti, 300. Hilo ni la sendofu, na ni akiba ikiwa chai imemwagikia suruali. Taiti nzito, 200, ambayo Dar utalalia ukitaka na Mafinga utaivaa chini ya sketi ya sare. Fulana ya kulalia, 150. Doti ya kanga, 400. Chupi 5, sidiria ya pili na soksi jozi 2, vyote 400. Viatu vya kisigino, 450. Ndala, 250. Mtandio mzito, 250. Sabuni, mafuta na dawa, 600. Chaja na makaratasi, 300. Hesabu hiyo ni kilo 4 na gramu 830. Ongeza begi la kilo 1 na gramu 100, unasimama kwenye kilo 5 na gramu 930. Umebakiwa na kilo moja na kidogo, na tunakuomba usiijaze Mbeya. Ni nafasi ya vitabu vya mafunzo na zawadi utakazopewa njiani. Uzito wa nguo zako utatofautiana na huu kwa gramu hapa na pale, kwa hiyo vipime mwenyewe. Mizani ya jikoni inatosha kwa kimoja kimoja, na begi zima lipime tena kwa jirani yako wa duka.

Doti ya kanga tumeiweka kwa makusudi, wala si kwa mazoea. Kipande kimoja ni taulo, gramu 200, wakati taulo la kawaida ni zaidi ya mara mbili ya hapo na halikauki. Kipande cha pili ni shuka ya basi, ni pazia la kubadilishia nguo, ni kitu cha kutandika ndani ya begi.

Viatu ni jozi 2 na ndala. Raba ziwe nadhifu, za rangi moja, nyeusi au bluu, zisizo na maandishi makubwa, uweze kuzivaa na suruali ya kijivu kwenye mafunzo bila mtu kuuliza. Kwa kazi na harusi, chukua jozi moja ya kisigino kipana cha sentimita 4 hadi 5. Tunajua unawaza mchuchumio kwa ajili ya harusi. Lakini sherehe ya Mafinga huenda ikawa ya turubai juu ya nyasi, na kisigino chembamba huzama udongoni kila unapoinuka kwenda kutuza. Kipana hakizami. Vivae viatu hivyo siku nzima ofisini wiki mbili kabla, na kama vinakata kisigino ujue mapema.

Tufike kwa fundi wako. Mwambie hapana kwa mkia wa samaki, kwa upole lakini hapana. Gauni refu la kitenge lenye bitana na mkia lina gramu 900 au zaidi, linajaza robo ya begi, na baada ya harusi utalivaa lini tena? Kwa yadi 3 anaweza kukushonea sketi na blauzi, vipande viwili vinavyotengana. Siku ya harusi vinavaliwa pamoja kama gauni. Baada ya hapo sketi ya sare inakwenda na blauzi yako nyeupe ofisini, na blauzi ya sare inakwenda na suruali ya bluu. Kabla ya Jumamosi ya harusi usiivae, hata kipande kimoja. Sare ionekane siku yake.

Usimpe fundi kitenge kikavu kutoka dukani. Kiloweke kwanza kwenye maji ya uvuguvugu saa moja, ukisugue kidogo, ukianike kivulini. Kitenge kipya kina wanga unaokifanya kisimame na kionekane kizito kuliko kilivyo. Wanga huo ukitoka, kitambaa husinyaa, mara nyingi sentimita 3 hadi 5 kwa kila mita. Ukishona kwanza ukafua baadaye, kiuno kitakubana na pindo litapanda. Wakati kimelowa, bana kona yake ndani ya kitambaa cheupe. Kikiacha rangi ya bluu, endelea kusuuza mpaka maji yawe safi. Wengi huongeza chumvi wakiamini inafunga rangi, lakini chumvi haishiki rangi ambayo kiwanda hakikuishika. Kikiendelea kuchuja baada ya suuza tano, kifungwe peke yake ndani ya begi kisikutane na blauzi nyeupe kikiwa na unyevu. Mwambie fundi pia asiweke bitana kwenye blauzi, aweke kwenye sketi tu mpaka magotini, apige ovaloki sehemu zote, na zipu ikae ubavuni. Zipu ya mgongoni ukiwa peke yako kwenye chumba cha wageni ni taabu.

Namna ya kupanga. Viatu vya kisigino vinatangulia chini, soksi zikiwa ndani yake, kila kimoja kwenye mfuko wake wa kitambaa, nyayo zikitazama ukuta wa begi. Ndala husimama pembeni. Fulana, taiti na nguo za ndani zinazungushwa kama sambusa ndefu na kuziba mapengo. Suruali na blauzi usizizungushe. Tandaza kipande cha kanga, laza suruali ya kijivu juu yake miguu ikining'inia nje, juu yake blauzi moja moja zikipishana kola na pindo, katikati weka fulana ya kulalia iliyokunjwa kama mto, kisha rudishia miguu na mikono yote juu ya mto huo na kunja kanga juu. Mkunjo mkali hauna pa kukaa, kwa sababu kila nguo imezungukia kitu laini. Sare igeuzwe ndani nje, ikunjwe kwa kufuata mshono, na katikati ya mkunjo ingizwe mtandio. Kitenge kikikunjwa kikavu na kukandamizwa siku 10, mstari ule hautoki kwa mvuke, utahitaji pasi na maji.

Kuna mifuko ya kufyonza hewa inayouzwa madukani, nguo zikawa bapa kama chapati. Iache. Inapunguza ujazo, uzito unabaki uleule, na kwa kuwa nafasi inaonekana imeongezeka utaweka nguo nyingine tatu. Mtu anafika kaunta na begi dogo la kilo 10, nguo zake zikiwa na makunyanzi ambayo hayakuwepo nyumbani.

Vimiminika vinataka maneno yake, hasa kwa mtu anayetoka nyanda za juu. Umeshaona chupa ya maji uliyoifunga Mbeya ikibonyea ukifika Dar? Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani. Kurudi ni kinyume chake: chupa ya losheni uliyoifunga Dar hufura ukipanda Mafinga, na ukiwa umeijaza mpaka shingoni itatapika kwenye kifuniko. Jaza robo tatu tu, bonyeza hewa itoke ndipo ufunge, na ukifika Mafinga ifungulie wima. Mafuta ya nazi ni hatari zaidi. Nyumbani yameganda kama samli, unayaweka kwenye kikopo cha kifuniko kilegevu na unaona salama. Yanayeyuka kwenye nyuzi 24 hivi, na Dar mwezi wa saba mchana hufika 28 au 29. Saa chache tu, yamefika kwenye blauzi ya haradali. Weka mafuta ya mgando yasiyoyeyuka haraka, au kopo la kufunga kwa kuzungusha lenye mpira ndani, kisha kwenye mfuko wenye kufunga. Sabuni iwe ya kipande, gramu 100, ya kuogea na ya kufulia. Wembe na mkasi wenye ncha visiwe kwenye begi la mkononi kabisa, vitachukuliwa kwenye ukaguzi. Siku ukipata safari ya nje ya nchi, kumbuka kila chupa isizidi mililita 100, na zote ziingie mfuko mmoja wa lita 1 unaoonyesha.

Kufua ndiko kunakofanya siku 12 zitoshe kwenye nguo za siku 6, na njia yako imekupendelea. Dar fua nguo za ndani kila usiku na uzianike mbele ya feni. Hewa ni nzito ya unyevu, vitu vyepesi vitakauka, vizito usijaribu. Kufua kwenyewe ni Dodoma. Jumapili ukiwa na mapumziko, fua blauzi za Dar na fulana asubuhi. Hewa ni kavu na upepo upo, mchana zimekauka. Anika kwa ndani nje, ubanie vizuri, maana vumbi la pale hushika nguo mbichi. Jumanne jioni fua za Jumatatu na Jumanne, Jumatano jioni unafungasha vikavu. Mafinga usipange kufua kitu zaidi ya chupi. Asubuhi za ukungu na mawingu, pamba nzito inaweza kukaa siku mbili kwenye kamba na bado kiuno kina unyevu.

Ukitaka kuharakisha, usikamue blauzi kwa kuisokota, utavunja nyuzi na kuleta makunyanzi. Tandaza taulo la hoteli kitandani, laza blauzi, zungusha vyote pamoja kama jamvi, kisha weka sakafuni ukandamize kwa magoti kuanzia mwanzo hadi mwisho. Taulo linatoka zito na blauzi inatoka na unyevu kidogo tu. Tundika kwenye hanga, vuta pindo na mikono inyooke, funga vifungo viwili vya juu ili kola ikauke ikiwa imesimama. Nyingi hazitahitaji pasi.

Mkoba wa kompyuta ubebe pia chupi moja, blauzi moja na dawa zako. Kwenye ndege ukiambiwa begi liende chini kwa kuwa sehemu ya juu imejaa, au basi likakataa kuliweka ndani, utakuwa na cha kuvaa kesho yake.

Mchele wa mama mkwe usipite Dar wala Dodoma. Kilo 5 peke yake zingekula begi lote, na hauna sababu ya kuzunguka nchi wakati Mafinga iko kwenye barabara ileile ya mabasi yanayotoka Mbeya. Utume kwa basi siku mbili kabla ya sendofu. Mumeo au jirani aupeleke stendi. Uwe kwenye kiroba kilichoshonwa mdomo, ndani ya kiroba cha pili. Andika jina na namba ya simu ya mpokeaji pande mbili kwa kalamu ya wino usiofutika, chukua risiti, ipige picha umtumie mama, pamoja na namba ya basi na saa lilipoondoka.